Bluu ya Kukisia

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya siku! Leo karakana imegeuka uwanja wa vita, na mimi nimeshashinda. Wenzangu bado hawajajua tu.

Mambo yalianza asubuhi. Mwenye mgahawa aliingia na kikapu cha sahani zetu wenyewe, zile za bluu tulizomfinyangia mwaka jana. Kila moja imemeguka ukingo. Juu bluu, ndani nyeupe pe, kama jino. Akazipanga mezani mbele ya Shangazi, moja moja, kwa madaha ya mtu anayejua kwamba ana haki. Akasema wateja wake siku hizi hawali, wanakagua. Anataka sahani mpya. Na rangi isiwe kwenye glezi, ule urojo wa kioo tunaomwagia juu. Iwe ndani ya udongo wenyewe. Sahani ikimeguka, imeguke bluu mpaka moyoni! Tena bluu nyepesi, ya kutuliza. Wateja wake wana maneno mengi.

Shangazi akainuka. Magoti yakalia. Siku hizi yanalia hata akiwa amekaa. Akashika ufunguo wa tanuri unaoning'inia shingoni mwake kwa uzi mwekundu, akatutazama mimi na binamu yangu, akatangaza. Kila mmoja atengeneze sampuli yake ya udongo wa rangi. Siku ya kufungua tanuri, mteja atachagua. Atakayechaguliwa atavaa ufunguo na kuwa msimamizi wa karakana. Yeye Shangazi amesimama vya kutosha, sasa anataka kukaa.

Binamu akauliza, kwa ule upole wake wa kinafiki, asiyechaguliwa itakuwaje. Shangazi akajibu kwamba asiyechaguliwa atakanda udongo, maana lazima mtu akande.

Na miaka yote hii nani amekuwa akikanda? Mimi! Mabega yangu yamekuwa ya kuli. Nautaka ule ufunguo. Nautaka kuliko mke. (Mke sina. Ningekuwa naye ningesema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.)

Kuhusu binamu. Ni binti wa Shangazi mwenyewe. Watu wote wanamwita Gramu, kwa sababu hawezi kutia sukari kwenye chai bila kuipima. Mimi wananiita Kiasi. Mtu akiniuliza nimetia maji kiasi gani, namjibu: kiasi. Ni jina la heshima. Mkono wa fundi una akili yake.

Jumanne, 4 Machi

Unga wa rangi umefika! Vifuko vidogo: bluu, waridi, manjano. Bluu kifuko kimoja kwa kila mtu.

Shangazi akatoa maelekezo marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Tuvae barakoa, unga usituingie kifuani. Tuvae glavu. Udongo ukaushwe, upimwe ukiwa mkavu. Unga nao upimwe, tuanze na kidogo sana, maana rangi hii ina nguvu na moto ndio unaotoa hukumu. Unga ulowekwe kwenye maji, uchujwe mpaka madonge yaishe, ndipo tukande. Kisha tutengeneze vigae vya majaribio, tuvichome kwenye tanuri dogo, tuone. Kisha ndipo tufinyange. Kisha, kisha, kisha! Nilipiga miayo kwa heshima, kinywa kikiwa kimefumbwa. Gramu alikuwa anainua na kuinamisha kichwa kwa kila neno, kama mjusi ukutani.

Barakoa nilivaa. Kifua ni changu, sina cha akiba. Lakini glavu? Mfinyanzi na glavu!

Gramu akaanika udongo wake apate kuupima kesho. Kesho! Mimi nilikuwa nimeshakata mabonge yangu, nimeshachimba shimo katikati, nimeshamimina unga. Kidogo tu. Nikakanda. Rangi haionekani. Shida ni kwamba udongo wetu mweupe ukiwa mbichi si mweupe, ni wa kijivu. Weupe huja na moto. Kwa hiyo nilikuwa na kijivu chenye huzuni. Nikaongeza unga. Kijivu chenye huzuni na mafua. Nikaongeza. Mwishowe nikamimina kifuko chote, nikakipindua, nikakikung'uta.

Bluu! Bluu ya kweli! Ndoo nzima! Kulikuwa na madonge madogo ya unga yaliyokataa kuvunjika, vidoadoa huku na huku, lakini nimeamua ni mapambo. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga. Hawakusema tuupime.

Nilipomaliza nikatazama mikono. Bluu mpaka kwenye vifundo. Nikanawa. Bluu. Nikasugua kwa majivu. Bluu yenye majivu. Kucha ndio usiseme. Nimerudi nyumbani mikono mfukoni, Mama akauliza nina nini. Nikasema baridi. Akasema joto hili? Nikaenda kulala.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba.

Shangazi amefungua tanuri dogo. Vigae vya Gramu vimetoka vimejipanga, kila kimoja bluu zaidi ya mwenzake, kama ngazi. Mteja angeweza kupanda mwenyewe mpaka kwenye bluu anayoitaka akashuka. Halafu kikatoka cha kwangu. Au niseme, hakikutoka. Kilikuwa kimeyeyuka, kimetoa malengelenge, kimekuwa cheusi tii na kung'ang'ania kibao cha tanuri kama deni la ukoo.

Shangazi alikibandua kwa patasi. Akauliza ni cha nani. Nikatazama dari. Gramu naye akatazama dari, lakini yeye alikuwa anajizuia kucheka. Shangazi hakugombana na mtu. Alieleza tu, hewani, kwamba rangi ikizidi udongo hupoteza nguvu ukayeyuka, na kwamba aliyefanya hivi ametia unga wa kupaka nyumba, na vyumba vya uani. Kisha akasema jambo lililonichoma. Muuza unga harudi mpaka mwezi ujao. Mtu anayemaliza kifuko kizima kwa siku moja hawezi kukabidhiwa karakana. Kesho atapita kukagua udongo wa kila mtu.

Kesho! Na mimi nina ndoo nzima ya ushahidi!

Nikafikiria. Chini ya meza? Gramu hufagia huko, anapenda. Nyumbani? Kuna Mama. Kuzika uani? Jembe analo Shangazi. Ndipo jicho langu lilipoangukia pipa la marejeo. Pipa hilo ni kubwa, ndimo tunamotupa mabaki yote ya udongo mweupe, vikombe vilivyopinda, maji ya matope ya magurudumu, vyote vilowane vipate kutumika tena. Limejaa uji wa kijivu. Uso wake umetulia kama hauna neno na mtu.

Nikadumbukiza bonge. Blup. Jingine. Blup. Nikakoroga kwa mti mpaka mikono ikauma. Kijivu tupu! Ndoo yangu yote imepotea humo kama chumvi kwenye mchuzi! Hakuna bluu, hakuna kosa, hakuna mkosaji. Nilitoka nikipiga mluzi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisahau mikono.

Niliikumbuka nikiwa mlangoni mwa karakana. Kucha bluu, mikunjo ya viganja bluu, kama ramani ya mito. Shangazi angeona mara moja. Nikajifungia chooni na sanduku la huduma ya kwanza, nikatoka nimejizungushia bendeji mikono yote miwili. Nikasema ni majipu.

Gramu akanipa pole. Kisha akauliza majipu yamewezaje kutokea mikono yote miwili usiku mmoja, kama pacha. Nikasema ni ya ukoo. Shangazi akasema ukoo wao hauna majipu. Nikasema ni upande wa Mama.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwangu ilitosha kupita. Shangazi alikagua udongo wa Gramu, kwangu akaniambia nikae nipumzike, nitaanza sampuli nikipona. Hakuna aliyetafuta ndoo.

Halafu utamu ukaongezeka! Daktari wa meno ameagiza vikombe vyeupe kabisa vya wagonjwa wake kusukutulia. Kazi hiyo Shangazi alikuwa ameniwekea mimi, tena nitumie udongo wa pipa la marejeo, maana limejaa. Lakini mgonjwa wa majipu atafinyanga nini? Shangazi akaguna, akampa Gramu.

Yaani adui yangu atapoteza siku zake akifinyanga vikombe vya watu kutemea mate, na mimi nimekaa kivulini nikiwaza! Hata ningepanga nisingepanga hivi. Jioni wamekoroga pipa wakamwaga ule uji kwenye vibao vya plasta vinyonye maji yake. Nilichungulia. Kijivu. Kijivu kizuri cha ukimya.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa pili! Bora kuliko wa kwanza!

Bluu imekwisha, basi nitafanya asichokiwaza mtu: marumaru. Udongo mweupe na udongo wa waridi, tabaka juu ya tabaka, unaukunja, unaukata, mistari inajitokeza kama mawimbi. Mteja alisema bluu, ndiyo. Lakini mteja hajui anachokitaka mpaka aone ambacho hakukitaka.

Mama alikwenda kumtembelea mgonjwa. Nikavua bendeji, nikateka jiko. Safari hii nilitii: niliuloweka unga na kuuchuja. Chujio pekee lililokuwepo lilikuwa la chai. Udongo nikausukuma kwa mti wa Mama wa kusukumia chapati, juu ya meza ya Mama, kwa glavu za Mama za kuoshea vyombo. Nikakunja. Nikakata. Lo! Mistari! Nilipiga kelele peke yangu. Waridi na nyeupe, nyeupe na waridi, inapinda, inakimbizana!

Ningeishia hapo.

Lakini mstari mmoja ulikuwa mnene. Nikakanda kidogo kuupunguza. Ukapungua, mwingine ukanenepa. Nikakanda tena. Uzuri ukaongezeka, au nilidhani. Nikakanda kwa furaha, nikiimba. Nilipomaliza wimbo mistari ilikuwa imekwisha. Yote. Limebaki bonge la rangi moja, si waridi wala nyeupe. Rangi ya soksi.

Nimelifinyangia bakuli hivyo hivyo. Nimeamua kuiita rangi ya utulivu.

Mama alirudi na habari mbili. Ya kwanza, wifi yake, yaani Shangazi, amemtumia salamu za pole kwa majipu ya ukoo wake, na yeye Mama angependa kujua ni ukoo wake upi huo. Ya pili aliipatia jikoni. Alishika chujio la waridi kwa vidole viwili, akalitazama, akanitazama. Akasema anajua mfinyanzi hulia gaeni, amekubali, kila chombo katika nyumba hii kimepinda. Lakini chai ya waridi hanywi. Chujio sasa ni langu la kazi, na mpaka ninunue jipya nitakunywa chai na majani yake. Nimekunywa. Majani yanakwama kwenye meno.

Jumanne, 11 Machi

Bendeji bado. Kucha zinapona polepole.

Nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa nikimtazama Gramu akifinyanga vikombe vya daktari. Vyote sawasawa, anaudhi. Ghafla akasimamisha gurudumu. Akasugua udongo kati ya vidole. Akasema una vipunje.

Nikasema mchanga. Nilisema haraka mno. Gramu akasema mchanga si laini hivi. Nikasema kuna mchanga mlaini. Shangazi akaja, akasugua, akakunja uso, akasema moto utatwambia. Gurudumu likazunguka. Nikapumua.

Punde mwenye mgahawa akapita kutusalimu. Akaona bendeji. Ni mtu wa huruma na ana mikono mikubwa. Aliubana mkono wangu kwa yote miwili akanitakia afya. Nikakumbuka kwa kuchelewa kwamba mikono inaniuma, nikapiga yowe. Akarudi nyuma akagonga rafu. Sidhani kama imenisaidia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepona! Kucha safi kama za bwana harusi. Shangazi amesema hajawahi kuona majipu yasiyoacha kovu. Nikasema ndiyo sifa ya ukoo.

Leo tumemwagia glezi na kupanga tanuri. Sisi tunachoma mara moja tu, vyombo vikikauka vinamwagiwa glezi, vinaingia. Glezi ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, kila kitu kimefanana: bakuli langu, sahani ya Gramu, vikombe vya daktari. Usawa mtupu! Nikaliweka bakuli langu mbele, usawa wa macho, jambo la kwanza mteja aone. Sahani ya Gramu nikaisogeza nyuma ya vikombe. Nilipogeuka kuchukua kibao, sahani iko mbele, bakuli nyuma. Nikabadilisha. Akabadilisha. Mwisho Shangazi akatutoa nje wote wawili, akapanga mwenyewe.

Nimefanya mazoezi ya kuinamisha kichwa, uzi upite vizuri. Nimetumia kamba ya kiatu. Mama amefungua mlango, amefunga mlango.

Jumatano, 26 Machi

Nitaandika kwa utulivu. Siwezi! Nitajaribu.

Nilivaa shati jeupe. Mwenye mgahawa alikuja. Daktari wa meno alikuja, naye anataka vikombe vyake. Shangazi akaingiza ufunguo, mlango wa tanuri ukafunguka, joto likatupiga usoni.

Bakuli langu lilitoka kwanza. Mwenye mgahawa alilizungusha mara moja. Akauliza kama limeshatumika.

Ikatoka sahani ya Gramu. Bluu nyepesi, safi, haina doa. Mwenye mgahawa akasema nzuri, nzuri sana. Nikauona uzi ule unapaa kuelekea kichwa kisicho changu. Lakini akasema nzuri sana kama mtu anayesifu chakula cha mwenyeji. Macho yake yalikuwa yanatembea.

Daktari wa meno akapiga kelele. Vikombe vyake! Shangazi alikuwa amekitoa kimoja, na hakikuwa cheupe. Kilikuwa bluu. Bluu nyepesi kama shati lililofuliwa mara nyingi, na ndani yake vidoadoa vya bluu iliyokolea, vimetawanyika kama kwenye yai la ndege. Kikatoka cha pili, vile vile. Cha tatu. Tanuri lilikuwa limejaa mayai ya ndege! Daktari akauliza wagonjwa wake wakiona vidoa kwenye kikombe si watadhani ni meno yao yametoka?

Mwenye mgahawa hakumsikia. Alikishika kikombe kama kifaranga. Akauliza ukikimegua, ndani kukoje. Gramu akachukua kimoja akakigonga kwenye ukingo wa meza. Bluu mpaka moyoni! Mwenye mgahawa akaruka, mtu mzima yule, na kikapu mkononi. Hii! akasema. Hii hii! Akauliza nani kakifanya.

Shangazi akamtazama Gramu. Gramu, na hapa lazima niseme kweli ingawa inaniuma, angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Akasema vikombe kafinyanga yeye, lakini rangi hakutia. Udongo umetoka kwenye pipa.

Tukaligeukia pipa sote. Lilikuwa limetulia palepale pembeni.

Nilikuwa na njia mbili. Nikae kimya nikande udongo mpaka kiama. Au niseme. Nikainua mikono yote miwili. Rangi ni yangu! Nikatoa na hotuba fupi, kuhusu mkono wa fundi na akili yake. Nikainamisha kichwa tayari kwa uzi.

Uzi haukuja. Shangazi aliuliza nilitia unga kiasi gani. Nikasema kiasi. Pipa lilikuwa na udongo kiasi gani? Kiasi. Na kile kigae kilichong'ang'ania kibao chake kilikuwa cha nani? Nikatazama dari. Akaniomba mikono, akaigeuza viganja juu. Hakuuliza chochote kuhusu majipu.

Kisha akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. Akauliza vikombe hivi mwanzoni alimpa nani avifinyange? Mimi. Basi ningekaa kwenye gurudumu siku ile, mikono ya bluu kama ilivyokuwa, leo rangi ingekuwa yangu, vikombe vyangu, na ufunguo wangu. Hata kosa langu, akasema, lilikuwa limeamua kunisaidia. Mimi ndiye niliyelikimbia.

Gramu alikuwa ameshakwenda kuleta vigae vyake. Akapitisha kipande kilichovunjika juu ya ile ngazi, bluu kwa bluu, mpaka kikakutana na mwenzake. Sawasawa. Akasema vidoadoa ni unga usiochujwa, anaweza kuuacha kidogo makusudi. Mwenye mgahawa akauliza kama anaweza kurudia vile vile kwa sahani zote. Anaweza. Mimi je? Hakuna aliyeniuliza.

Uzi mwekundu umepita kichwani kwa Gramu kwa urahisi, hata mazoezi hakufanya. Nilipiga makofi. Nililia kidogo. Nikasema ni joto la tanuri.

Alhamisi, 27 Machi

Adhabu. Nimwage pipa lote la marejeo, nilioshe, nilisugue mpaka litoe maji meupe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwosha pipa sharti aingie mzima mzima. Nimeingia. Ukiwa ndani sauti yako inarudi ikiwa imekasirika.

Na vikombe vya daktari vifinyangwe upya, vyeupe, na mimi, kwa udongo mpya. Shangazi amesema kazi ile ilikuwa yangu tangu mwanzo, na bado ni yangu. Hajaniondoa hata kwenye gurudumu. Nilitegemea anifukuze.

Mchana Gramu alikuja. Ufunguo unamgongagonga kifuani, hajauzoea. Nikajifanya nimezama kwenye kusugua. Akagonga pipa. Nilipotoa kichwa akanipa mizani, ile ndogo yake ya zamani, aliyoanza nayo kazi. Amefuta vumbi. Akasema yeye miaka yote amejaribu kupata rangi yenye uhai namna ile, mikono yake inakataa kukosea. Akasema jicho ninalo. Nikiongeza na kupima, yeye ataanza kuniogopa.

Mimi! Nimeapa palepale, nikiwa nusu ndani ya pipa. Kuanzia leo nitapima kila kitu. Mama nimemwambia. Amesema tutaona. Nimemnunulia chujio.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi yote nimepima. Udongo, maji, udongo tena. Inapendeza. Inachosha. Hakuna hata kitu kimoja kilichonishangaza.

Saa ya mapumziko nilifungua kabati kutafuta kitambaa. Nikakiona kifuko cha manjano. Hakijaguswa. Nikakirudisha. Nikafunga kabati. Nikafungua.

Tutazame mambo yalivyo, bila jazba. Sahani iliyopimwa mteja aliiitaje? Nzuri sana. Na udongo uliokisiwa? Hii, hii hii! Aliruka! Ushahidi wote uko upande wangu, na mimi nimekuwa nikijilaumu kama mjinga.

Kosa langu nimelielewa, Shangazi alilieleza vizuri sana. Sikuvifinyanga vikombe mwenyewe. Basi! Safari hii nitavifinyanga kwa mikono yangu, kimoja kimoja, hakuna atakayebisha ni vya nani. Na glavu nimevaa. Nani atasema sikujifunza?

Manjano! Rangi ya furaha! Daktari alitaka vyeupe, lakini hebu fikiria: meno yaliyosukutuliwa kwenye kikombe cha manjano yataonekana meupe zaidi. Atanishukuru. Atawaambia madaktari wenzake. Shangazi atauita ule uzi urudi.

Pipa ni safi, limejaa udongo mpya uliolowekwa vizuri. Kifuko kimeingia chote, nikakikung'uta. Nikakoroga. Kijivu tupu!

Kifuniko kilikuwa hakikai sawa, kinainuka upande mmoja, mtu angeweza kuchungulia. Nimekikandamiza kwa mizani ya Gramu. Kumbe kifaa hiki kina faida.